Zimamoto wa Sioux City

Historia ya usafiri wa anga imezoea kuandikwa kutoka katika kiti cha rubani. Twayajua majina ya walioruka kwanza, na ya waliovuka bahari kwanza. Twayajua hata majina ya baadhi ya walioanguka. Lakini mtu akaaye bandani pembeni mwa kiwanja, mwenye koti zito na viatu vya mpira, ambaye kazi yake ni kungojea jambo aliombalo lisitokee, huyo aghalabu hana ukurasa wake. Akitajwa, hutajwa mwishoni mwa habari, katika sentensi moja, kwamba magari ya zimamoto yalifika.

Katika makala haya nataka kumtazama mtu huyo katika siku moja tu, tarehe 19 Julai, 1989, katika kiwanja cha ndege cha Sioux City, mji wa jimbo la Iowa huko Marekani, uliopo kando ya mto Missouri. Siku hiyo nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, uchunguzi wake ulifanywa kwa makini na kutolewa mwaka 1990 na Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya nchi ile, hata nyendo za magari ya moto zimeandikwa humo. Pili, siku hiyo zimamoto walipata kitu ambacho wenzao wa mjini hawakipati. Zimamoto wa mjini huitwa moto ukiwa umekwisha shika; nyumba haitumi habari kwamba itaungua baada ya nusu saa. Zimamoto wa Sioux City waliambiwa mapema, wakapewa muda wa kujitayarisha, na muda huo, kama nitakavyoonyesha, ulikuwa neema na mateso kwa pamoja.

Ndege yenyewe ilikuwa ya aina ya DC-10, mali ya kampuni ya United, katika safari namba 232 kutoka Denver kwenda Chicago. Ilibeba watu 296, yaani abiria 285 na wafanyakazi 11. Ilipokuwa juu futi 37,000, saa tisa na dakika 16 za alasiri, injini yake ya mkiani ilipasuka. Sahani kubwa ya titani inayoshika mapanga ya mbele ya injini hiyo ilikuwa na ila ndogo tangu madini yake yalipoyeyushwa. Ila ile ikazaa ufa, ufa ukakua polepole katika safari zaidi ya 15,000, ukapita mbele ya macho ya wakaguzi pasipo kuonekana, hata siku hiyo ukaishinda sahani. Vipande vilivyoruka vilikata mabomba ya haidroliki. Mifumo ya haidroliki ilikuwa mitatu, nayo iliwekwa mitatu makusudi ili mmoja ukifa mingine ibaki. Lakini yote ilipita karibu karibu huko mkiani, kwa hiyo ikafa pamoja. (Sahani yenyewe ilikuja kuonekana miezi mitatu baadaye, imelala katika shamba la mahindi karibu na mji mdogo wa Alta, mkulima alipokuwa akivuna.)

Ndege kubwa isiyo na haidroliki haina usukani. Kapteni Alfred Haynes, rubani msaidizi William Records, mhandisi Dudley Dvorak, na Dennis Fitch, mwalimu wa marubani wa DC-10 aliyekuwamo kama abiria, waliiongoza kwa kuongeza na kupunguza nguvu za injini mbili za mabawani. Injini ya kushoto ikizidi, ndege huelekea kulia. Zikizidi zote mbili, pua huinuka. Ndivyo walivyokwenda kwa dakika 44, wakipanda na kushuka kama jahazi lililoacha tanga. Mengi yameandikwa juu ya dakika hizo, na zinastahili. Mimi nazipita upesi kwa kuwa watu wangu wapo ardhini.

Kiwanja cha Sioux City hakikuwa cha ndege za ukubwa ule. Sheria ya Marekani huviweka viwanja katika madaraja ya herufi kwa kufuata urefu wa ndege zinazovitumia, na kila daraja lina kiasi chake cha maji na cha dawa ya povu ambacho lazima kiwepo. Sioux City ilikuwa daraja la B. DC-10 ilitaka daraja la D. Maji yanayotakiwa katika daraja la B hayafiki nusu ya yale ya daraja la D. Zimamoto wenyewe walikuwa wa Kikosi cha 185 cha Askari wa Akiba wa Anga wa Iowa, chenye kambi yake papo hapo kiwanjani, nacho kilirusha ndege za kivita za aina ya A-7, zenye kiti kimoja. Hesabu ya kila siku ya watu hawa ilikuwa kumtoa rubani mmoja katika ndege moja. Sasa waliambiwa kwamba wanaletewa watu karibu mia tatu.

Hata hivyo si haki kusema kwamba mji ule haukuwa tayari. Wilaya ya Woodbury ilikuwa na mpango wa maafa, na mkurugenzi wake, Gary Brown, alikuwa mtu wa kuusisitiza. Mwaka 1987 lilifanywa zoezi kubwa ambamo ilidhaniwa kwamba ndege kubwa ya abiria imeanguka, na mahali palipochaguliwa kwa dhana hiyo ni njia ya ndege namba 22, iliyokuwa imefungwa. Njia hiyo tutaisikia tena. Bahati nayo iliwaunga mkono. Siku ile ilikuwa siku ya mwezi ambayo kikosi cha akiba huitwa kazini, basi askari 285 waliofunzwa walikuwapo kiwanjani. Na katika hospitali za mji zamu zilikuwa zikibadilishana, hata waganga na wauguzi wa zamu mbili wakawapo kwa wakati mmoja. Kapteni Haynes, aliyeishi mpaka mwaka 2019 na kuisimulia habari hii katika mikutano mingi sana, alizoea kutaja mambo matano yaliyookoa watu, na bahati aliiweka mwanzo wa orodha yake.

Mnara wa kuongozea ndege uliwapa zimamoto habari yapata saa tisa na dakika 25. Katika lugha ya viwanja vya Marekani tahadhari ina ngazi: ya pili ni kwamba ndege ina shida kubwa, ya tatu ni kwamba ndege imekwisha anguka. Ngazi ya pili huwaweka watu tayari. Ngazi ya tatu huwatoa katika vituo vyao, na kuyaleta magari ya wagonjwa kutoka miji ya jirani. Wakuu wa mpango wakafanya jambo ambalo kitabu hakikuliandika. Walitangaza ngazi ya tatu ilhali ndege ingali angani. Kwa kipimo cha maneno tangazo lile lilikuwa la uongo, na nadhani ndilo lililokuwa tangazo la manufaa zaidi ya yote yaliyotolewa alasiri ile, kwa kuwa ndege ilipofika chini magari ya wagonjwa yalikuwa yamekwisha jipanga.

Basi zimamoto wakangoja. Yafaa tufahamu namna ya kungoja kwao. Kila baada ya dakika chache habari iligeuka. Ndege inakuja kiwanjani. La, huenda isifike. Itaangukia maili kadhaa kabla. Huenda ikatua katika barabara kuu ya magari. Inakuja tena, na itajaribu njia namba 31. Mtu anayeambiwa hivyo ana gari zito lililojaa maji, na lazima achague pa kulisimamisha. Akisimama mbali, atachelewa. Akisimama karibu, ndege isiyo na usukani yaweza kumjia yeye mwenyewe.

Njia za ndege huitwa kwa namba za dira: njia namba 31 huelekea nyuzi 310, namba 22 huelekea nyuzi 220. Namba 31 ilikuwa ndefu, kama futi 9,000, nayo ndiyo iliyotayarishwa. Namba 22 ilikuwa fupi, futi 6,600 hivi, tena imefungwa. Kwa kuwa ilikuwa imefungwa, zimamoto waliona ni mahali pazuri pa kusimamisha magari, karibu na njia namba 31 lakini nje yake. Hakuna awezaye kuwalaumu kwa hayo. Ila ndege ilikuwa haigeuki itakavyo rubani. Iligeuka kulia kwa wepesi na kushoto kwa shida kubwa, na ilipotokeza mbele ya kiwanja ilikuwa imeielekea namba 22. Mwongozaji wa mnarani, Kevin Bachman, alikuwa amemwambia Haynes kwamba ana ruhusa ya kutua katika njia yoyote, na Haynes akacheka, akamuuliza kama anataka mambo yawe mazuri kiasi hicho, hata iwe lazima kutua katika njia. Mzaha huo umejulikana duniani kote. Lakini kwa watu wa magari ya moto maana yake ilikuwa nyingine: ndege ilikuwa inakuja mahali hasa walipojipanga.

Mnara ukawaambia waondoke. Muda uliobaki ulihesabika kwa dakika moja au mbili. Magari yakang'oka, na kwa maelezo ya taarifa rasmi, hayakuwa yamemaliza kukaa mahali papya wakati mnara uliposema kwamba ndege imegusa chini. Ilikuwa saa kumi kamili.

Ndege ya aina ile hutua kwa mwendo wa fundo kama 140. Hii ilikuja kwa fundo 215, ikishuka futi 1,600 kwa dakika, zaidi ya mara nne au tano ya desturi. Ncha ya bawa la kulia iligusa kwanza, kisha magurudumu ya kulia. Mkia ukakatika, chumba cha marubani kikakatika, na sehemu ya katikati, yenye watu wengi, ikateleza ikapinduka, ikakoma juu chini katika shamba la mahindi. Marubani walikuwa wamemwaga mafuta mengi angani, lakini yalibaki ratili 33,000 na zaidi, na hayo yakawaka.

Mahindi yale yalipandwa ndani ya eneo la kiwanja, baina ya njia na njia, na mwezi wa Julai yalikuwa yamefikia futi saba, yaani kupita kimo cha mtu. Kwa yule aliyetoka ndani ya ndege, mahindi yalikuwa kiza cha pili baada ya moshi. Alijua ametoka, hakujua aende wapi. Kwa dereva wa gari la moto yalikuwa ukuta. Gari la namna hiyo lina uzito wa tani nyingi, na dereva alipoingia nalo shambani hakuweza kuona kama mbele ya magurudumu kuna mtu aliyelala au anayetambaa. Hofu hiyo si ya kubuni. Mwaka 2013, ndege ya kampuni ya Asiana ilipoanguka huko San Francisco, abiria mmoja aliyekuwa chini, amefunikwa na povu, alikanyagwa na magari yaliyokuja kuokoa. Huko Sioux City waokoaji waliokuwa wakitazama mabaki yanayowaka, wakidhani hakuna aliyepona, waliona watu wakichomoza katika mahindi wakitembea kwa miguu yao, wengine na nguo zao za safari zikiwa safi.

Mkuu wa zimamoto aliyaelekeza magari kwenye ile sehemu ya katikati, na gari la kwanza likaanza kuimwagia povu. Hapa nieleze jambo la kazi. Povu la miaka ile haliuzimi moto wa mafuta kwa baridi ya maji peke yake. Hutandaza ngozi nyembamba sana juu ya mafuta, mvuke wake usipande kukutana na hewa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya zimamoto wa ndege si kuuzima moto wote, bali kutandika njia ya watu kupita. Kazi hiyo ilifanyika. Wachunguzi waliandika kwamba povu lile la mwanzo liliwasaidia wengi kutoka wakiwa hai. Lakini gari la moto la kiwanja hutoa maji kwa nguvu nyingi, na tangi lake laweza kwisha kwa dakika mbili tatu tu likifunguliwa lote. Uhai wa kazi nzima, basi, hutegemea gari la nyuma, lile linalobeba maji ya akiba.

Gari hilo lilikuwapo. Lilifika, likaunganishwa, likawashwa, na maji hayakutoka. Lilipofunguliwa baadaye ilionekana kwamba katika mpira wa kuvutia maji kwenda kwenye pampu, mpira wenye urefu wa inchi 30, kulikuwa na kipande cha kuukaza chenye urefu wa inchi 2. Kipande hicho kilikuwa kimegeuka robo mzunguko na kuziba mlango wa pampu. Kama dakika kumi zikapita pasipo povu la maana kumwagwa. Katika muda huo moto ulitoboa ukaingia ndani. Magari ya mji yaliletwa kusukuma maji, na kabla mambo hayajakwisha zilikuwa zimetumika galoni 15,000 za maji na 500 za dawa. Lakini moto wa ndani ulikuwa umekwisha jipatia nafasi, ukadhibitiwa baada ya saa mbili hivi.

Nimekaa sana mbele ya habari hii ya mpira. Katika ndege yenye ufundi mwingi, iliyokufa kwa ila ndogo isiyoonekana ndani ya titani, waokoaji nao walishindwa na ila ndogo isiyoonekana ndani ya mpira. Zote mbili zilipita katika ukaguzi, na kwa sababu moja: ukaguzi uliuliza maswali mepesi kuliko yale ambayo siku yenyewe ingeuliza. Pampu ilikuwa ikiwashwa na kutazamwa, haikuwa ikijaribiwa kwa uwezo wake wote.

Swali zito hapa halikwepeki. Katika waliokufa, 35 waliuawa na moshi, na 24 miongoni mwao hawakuwa na majeraha ya kuwaua. Walikufa kwa kutoweza kutoka. Je, maji yale yangaliwaokoa? Wako wasomaji watakaotaka kujibu naam, kwa kuwa kisa hupendeza kikiwa na mkosaji mmoja. Mimi sioni hivyo. Moshi wa ndege inayoungua huua kwa dakika chache, na pampu ilitakiwa baada ya magari ya kwanza kuishiwa. Wengi wa waliokufa kwa moshi walikaa mahali ambapo dari lilikuwa limebanwa chini, nao yamkini walikwisha kufa mpira ulipoziba. Lakini neno yamkini si neno la kumpa zimamoto usingizi. Aliyekuwa ameshika mpira mkavu kwa dakika kumi, akiutazama moto ukiingia, hakuwa na taarifa ya waganga mkononi mwake.

Jumla ya waliokufa ni 112, na waliopona ni 184. Mtafiti atakayeifungua taarifa ya mwaka 1990 ataona 111, kwa kuwa sheria ya hesabu huwahesabu wanaokufa ndani ya siku 30, na mmoja wa majeruhi alikufa siku ya 31.

Kuna jambo jingine linaloonyesha jinsi macho ya mwokozi yanavyoongozwa na yale aliyozoea. Chumba cha marubani kilikuwa kimejikunja hata kikawa kama furushi la bati na nyaya, kimo cha kiuno cha mtu. Waokoaji walilipita furushi hilo mara kwa mara, wakiliona ni takataka ya ajali. Baada ya dakika 35 ndipo ilipogunduliwa kwamba ndani mna watu, na wote wanne wakatolewa wakiwa hai.

Povu lenyewe nalo limegeuka kuwa shauri. Aina ile, iliyobuniwa katika miaka ya 1960 na watafiti wa jeshi la majini la Marekani pamoja na kampuni ya 3M, ina kemikali za florini ambazo haziozi ardhini wala majini. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya zimamoto miongoni mwa mambo yanayosababisha saratani kwa yakini, na mwaka uliofuata likaiweka katika fungu hilo moja ya kemikali za jamii hiyo. Vijana waliofunzwa kuzima moto wa mafuta kwa kujimwagia povu miaka nenda miaka rudi hawakuambiwa hayo, maana waliowafunza nao hawakuambiwa.

Bodi ya uchunguzi ilitoa mapendekezo juu ya titani, juu ya mabomba ya haidroliki, juu ya mpira wa gari la maji, na hata juu ya mimea kiwanjani. Mji wa Sioux City, mwaka 1994, ulisimamisha sanamu kando ya mto. Haimwonyeshi rubani, yaonyesha askari wa akiba amembeba mtoto.

Usiku wa tarehe 19 wengi wa waliokufa hawakuondolewa. Wachunguzi walihitaji kuchora mahali alipolala kila mmoja, na jambo hilo halikuweza kufanyika gizani. Kwa hiyo askari wa akiba wakawekwa zamu kiwanjani wawalinde, wakasimama kati ya mahindi na njia namba 22 hadi alfajiri, na magari ya moto yakiwa yamejazwa maji upya.